Siku Nne za Kumkimbiza Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa Tabora. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia niliwahi kuwa kwenye klabu ya kupiga makasia hudhani nimezaliwa Kigoma au Mwanza, kando ya ziwa, mahali ambapo mtoto hurushwa majini kabla hajaota meno. Kwetu maji ni ya kunywa, ya kufulia na ya kugombania bombani. Kuogelea sikujua wakati ule na sijui mpaka leo. Walinichukua kwa sababu moja tu, na sijawasamehe kabisa: nilikuwa mfupi na mwepesi.

Klabu ilikuwa ya chuo, pale Braamfontein, Johannesburg, nilipokuwa nikisoma shahada ya pili. Kila bweni lilikuwa na timu yake, wafanyakazi wa chuo nao walikuwa na yao, na mashua zote zililala kwenye banda kando ya bwawa moja kusini mwa jiji, karibu na vilima vya mchanga wa migodi. Mashua yenyewe ni kitu chembamba, kirefu, ambacho ukikohoa vibaya kinayumba. Inabeba watu wanne wenye makasia, na wote wanne wameipa mgongo safari. Wanakwenda wasikokuona. Kwa hiyo anahitajika mtu wa tano, asiye na kasia, akae nyuma kabisa akitazama mbele, ashike kamba mbili za usukani na apige kelele. Huyo anaitwa koksi. Anatakiwa awe mwepesi kwa kuwa hachangii nguvu yoyote, ni mzigo unaosema. Nina hasira za karibu na sauti kubwa kuliko mwili wangu, na nilipoelezwa kazi hiyo niliona hatimaye kuna watu wamenielewa.

Mashindano yetu makubwa yalikuwa ya siku nne mfululizo, Jumatano hadi Jumamosi, na hayakuwa kama mashindano mengine. Mashua hazisimami bega kwa bega. Zinapangwa moja nyuma ya nyingine, zimeachana kidogo, halafu honi inalia na zote zinaondoka kwa pamoja. Kazi yako ni kumgonga aliye mbele yako kabla aliye nyuma yako hajakugonga wewe. Kugonga si kuvunja, kugusa tu kunatosha, na kwenye ncha ya kila mashua kuna kimpira cheupe kwa ajili hiyo. Koksi aliyegongwa anainua mkono kukubali, wote wawili wanasogea kando, na kesho yake wanabadilishana nafasi. Usipogonga wala kugongwa, unabaki ulipo na kunywa chai yako kwa amani.

Mwaka ninaousimulia ni 2017, mwaka niliokuwa natafuta mke.

Mchumba wangu nilimpata maktaba ya chuo. Nilikwenda kuulizia kitabu, nikamkuta amemletea mama yake chakula, na kitabu sikukichukua tena. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa pale. Ni Mluguru wa Morogoro, mwanamke mrefu, wakati huo akikaribia kustaafu. Aliolewa kwao Morogoro na mtu wa huku, mmoja wa wale waliokimbia ubaguzi wakaishi Tanzania miaka mingi, na nchi ya mumewe ilipofunguka walirudi naye, binti akiwa bado ananyonya. Walikaa mtaa wa Observatory. Binti alikuwa anaelewa Kiswahili chote, hata cha kusengenyana, ila alijibu kwa Kiingereza, na akigombana na dereva wa teksi alihamia Kizulu.

Mwenye neno la mwisho pale nyumbani alikuwa mama. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na baba mtu alikuwa amelikubali hilo zamani. Kila nilipomgusia habari ya posa aliniambia kwa Kiswahili chake cha Morogoro, "Kijana, mimi nakupenda sana, lakini mimi hapa ni mpangaji tu." Mchumba wangu naye alishanipasulia waziwazi: mama yake asipokubali kwa moyo mweupe, yeye haolewi na mimi, na kutoroka ndiyo nisahau. Nilimpenda yule msichana mpaka nikawa naogopa. Miezi tisa nilikwenda pale kila Jumapili, nimechomekea shati, na mama hakusema ndiyo wala hapana. Nikianza kuzunguka zunguka kuelekea kwenye jambo lenyewe, yeye anaanza habari za mgongo wake.

Shida yangu ilikuwa kwamba nilikuwa na sheria mbili kichwani na hazikai pamoja. Ya kwanza ni ukwe. Mama yangu alinipa usia kwa simu kutoka Tabora: mkwe haangaliwi usoni, haguswi, hapandishiwi sauti, na ukikutana naye njiani unampisha hata kama wewe ndiye uliyebeba gunia. Ya pili ni utani. Sisi Wanyamwezi ni watani wa Waluguru tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo ya watu kichwani kwenda pwani. Mtani anaruhusiwa kukutukana. Anaruhusiwa kukunyang'anya kofia na kuondoka nayo. Anaweza kuja msibani kwako akaigiza marehemu alivyokuwa akikoroma, na huruhusiwi kununa, na ukinuna ni wewe uliyekosa. Sasa mama mkwe akiwa pia ni mtani, sheria gani inashinda?

Mama yangu alisema ukwe, bila kufikiri. Nilimuuliza na mshenga wangu. Johannesburg nzima sikuwa na baba mdogo wala mjomba, kwa hiyo mzee wangu alikuwa fundi cherehani wa Yeoville, Mkongomani wa Bukavu, mtu mzima mwenye tumbo la heshima na suti alizojishonea mwenyewe. Aliweka mkasi chini. "Mukwe ni mukwe, mon cher," alisema. "Kwetu hata kivuli yake haukanyage."

Basi nikachagua ukwe. Jumapili ya kwanza mama alinifungulia mlango akasema kwa sauti, "Ala! Mnyamwezi! Mzigo umeuacha wapi?" Nikajibu nikitazama zulia, "Shikamoo mama. Nimekuja mikono mitupu, naomba unisamehe." Akageuka, akaenda jikoni. Nilijisifu kwa adabu yangu njia nzima ya kurudi bwenini. Alijaribu tena mara mbili au tatu, nami kila mara nikamjibu kama mtu anayeapishwa, mpaka akaacha.

Posa ilipangwa Jumapili, kesho yake baada ya mashindano kwisha.

Jumatano tulipanga foleni majini, na mbele yetu ilikuwa mashua ya wafanyakazi. Nilifurahi, kwa sababu wafanyakazi walikuwa wazito na walipenda kusimama kunywa maji. Mama alikuwa kwenye timu ile lakini wa akiba tu, daktari alimshauri mazoezi kwa ajili ya mgongo, na kazi yake kubwa ilikuwa kuleta chupa ya chai. Kumbe siku hiyo mmoja wao aliamka anaumwa. Hakuna aliyeniambia.

Honi ikalia. Tulikwenda vizuri mno. Mpigaji wangu wa kwanza, yule anayekaa uso kwa uso na koksi, alikuwa kijana wa Soweto mwenye mabega ya kubeba friji peke yake, na kule mbele kabisa alikuwepo dada wa Kikenya aliyekuwa akisomea sheria na hakuwa na subira na mtu. Tuliwasogelea wafanyakazi mpaka nikaanza kuona nyuso zao. Hapo ndipo nilipotambua jambo ambalo hakuna aliyenifundisha: wapiga makasia wanakaa wakitazama nyuma, kwa hiyo unayemkimbiza anakutazama. Na aliyekuwa akinitazama, kichwa kimetokeza kizima juu ya kofia ya koksi wao, alikuwa mama mkwe wangu mtarajiwa. Nami nilikuwa sijamsalimia tangu asubuhi.

Msomaji asiyelelewa kama mimi atasema, sasa hapo ulikuwa na kazi gani? Nami nasema, mtu mzima amekutazama machoni, hatua chache mbele yako, na wewe umekaa. Mdomo haukuniuliza. "Shikamoo mama!" nilipaza sauti, na kwa kuwa shikamoo ya mkwe haitolewi ukiwa wima, niliinama, mkono wa kulia kifuani. Mkono wa kulia ndio ulioshika kamba ya kulia ya usukani.

"Marahaba!" mama akaitika, na kasia lake likapitwa na wenzake.

Mashua yetu ikageuka kulia kama ilivyoamriwa, ikaingia kwenye matete. Ndege waliruka. Mashua iliyokuwa nyuma yetu ikatufikia ikatugonga kwa upole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, nami nikainua mkono kukubali.

"Wewe!" dada wa Kikenya alipiga kelele kutoka ndani ya matete. "Unasalimia nani mbio zikiendelea? Si ungengoja tufike!"

Kijana wa Soweto, ambaye hakuwa ameona kitu zaidi ya mimi kuinama, aliniuliza taratibu, "Eish, bra," yaani ndugu yangu, "ulikuwa unasali?"

Nilisema ndiyo. Sikuwa na maelezo mafupi zaidi.

Alhamisi tulimgonga yuleyule aliyetugonga, tukarudi nafasi yetu ya kwanza. Wafanyakazi hawakugonga wala kugongwa. Watu wangu walishangilia, wakanirushia maji, wakasema Jumatano imefutika. Mimi peke yangu ndiye niliyefanya hesabu: Ijumaa tutakuwa tena nyuma ya mama, na yule mgonjwa wao alikuwa bado hajapona.

Nilimpigia simu mshenga. Ijumaa alifunga duka, akaja bwawani na suti yake ya kahawia, akanivuta nyuma ya banda. "Sikia, weye," alisema, kidole kikiwa puani kwangu. "Kesho kutwa tuko nakwenda kwa bale batu kuomba mutoto. Leo ukimugonga mama yake mbele ya batu, mimi nitasema nini kule? Nitasema musamaha, ilikuwa sport?"

Mama yangu naye alishatoa hukumu yake asubuhi: nikimgusa mkwe na chombo chochote, hata kikombe, nisirudi Tabora.

Kwa hiyo Ijumaa nilivuta kofia mpaka kwenye nyusi ili nisimwone mama usoni. Niliongoza mashua kwa kutazama maji ya pembeni. "Tumebakiza kiasi gani?" kijana wa Soweto akauliza, jasho linamtiririka. "Kidogo," nikasema, bila kujua. Nilisikia makasia ya wafanyakazi yakipiga mbele yangu, karibu, karibu zaidi. Nilisikia sauti ya mama: "Koksi gani huyu, amejifunika kama bi harusi!" Niliinua ukingo wa kofia kidogo, nikaona kimpira chetu kiko karibu kabisa na mkia wa mashua yao. Angepiga chafya mtu, tungegusa.

Nikavuta kamba ya kushoto. Tukapita pembeni yao, tukawaacha pale, tukaenda zetu mpaka mwisho bila kumgusa mtu, na kwa sheria nafasi zikabaki zilezile. Watu wa ukingoni walidhani nimezimia.

Tulipofika nchi kavu dada wa Kikenya hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Alikuwa amesikia Kiswahili cha pande zote mbili na ameunganisha. "Yule mama mrefu," alisema. "Ni nani wako?" Nikasema. Akawatafsiria wenzake, nikasimama pale kama mwizi wa kuku wakati kesi yangu ikisomwa kwa lugha nyingine.

Kijana wa Soweto alisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kwa huruma. "Kwetu pia ipo," alisema. "Kumheshimu mkwe, kutomtazama, hata jina lake hulitaji. Lakini, bra, kwetu anayefanya hivyo ni bi harusi." Akanitazama kutoka juu hadi chini, na haikumchukua muda. "Wewe ndiye unayeolewa?"

Waliokuwepo walicheka. Nilikasirika mpaka masikio yakawasha moto, kwa sababu mama alikuwa amesema neno hilohilo.

Jioni mchumba wangu alinipigia. Alisema mama yake amefika nyumbani hasemi na mtu. Wenzake wa kwenye mashua walimcheka: wale vijana wametuhurumia kwa sababu yako, wamekuonea imani, bibi. Nikamwambia mchumba wangu nilifanya vile kwa heshima. Basi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akaniambia maneno ya mama yake kwa Kiswahili, moja moja, kama mtu anayebeba mayai: "Anasema, hata kwenye msiba mtani hanyamazi. Wewe umemnyamazia yeye mzima. Anauliza, umeona amekufa?"

Sikulala vizuri. Nilikuwa nimeshika adabu miezi tisa, nimeichunga kama chombo cha kaure, na sasa adabu ndiyo ilikuwa inanikosesha mke. Na bado sauti ya mama yangu ilikuwa sikioni, na ya mshenga, na kila mtu mzima aliyewahi kunifinya kwa kumtazama mkwe wa mtu. Kufika asubuhi sikuwa nimeamua lolote.

Jumamosi palijaa watu. Mshenga alikuwepo, suti ileile. Mchumba wangu alikuwepo, amesimama mbali naye, miwani ya jua usoni. Tulikaa majini kimya tukingoja honi, na kwenye maji sauti inasafiri, kwa hiyo kila mtu alimsikia mama alipoanza.

"We Mnyamwezi!"

"Naam mama," nikaitika kwa mazoea.

"Naam ya nini? Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo kwa miguu. Wewe umekaa, umebebwa na watoto wa watu, na bado umeshindwa kufika!"

Dada wa Kikenya alicheka mpaka mashua ikayumba. Koksi wa wafanyakazi, mhadhiri kijana asiyejua neno la Kiswahili, alimwomba mama atunze pumzi. Honi ikalia.

Tulikwenda. Nilikuwa natoa amri kwa sauti ya karani wa mahakama, macho kwenye maji, na mama alikuwa akinirushia maneno kila kasia lilipotoka majini. Kwamba Tabora hatuna maji ila ya machozi. Kwamba nikisimama au nikikaa urefu ni uleule. Watu wa ukingoni walidhani ni nyimbo za kujitia moyo. Nami kimya, ndiyo mama, kimya, meno nimeyauma. Tulikuwa tumebakiza kama urefu wa mashua moja aliposema jambo jingine, na safari hii hakukuwa na kicheko ndani yake.

"Jana umenipita kama maiti," alisema. "Mimi nimekufa?"

Niliinua kichwa, nikamtazama usoni kwa kukusudia, mara ya kwanza tangu nimjue. Alikuwa anahema, kilemba kimemlegea, jasho linaingia machoni, na hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa na uso wa mtoto aliyemrushia mwenzake mpira na anangoja urudishwe. Miezi tisa alikuwa akiurusha, nami miezi tisa nikiuokota na kuuweka juu ya kabati.

"Nyie Waluguru!" nilipiga kelele, na ilikuwa sauti yangu yote. "Mmezoea kushuka mlimani na mikungu ya ndizi, nani aliwadanganya mnajua maji? Mashua yenu imefungwa jiwe, au ni wewe ndiye jiwe? Ukichoka sema! Tukupakie huku! Sisi si ndio wabeba mizigo? Tutakufikisha Bagamoyo kwa nusu bei, maana umekauka!"

Ukingoni nilimwona mshenga akishika kichwa kwa mikono miwili.

Kijana wa Soweto hakuelewa neno, ila aliisikia sauti, akavuta kasia kana kwamba nimemtukana yeye. Wengine wakamfuata. Na mama, kule mbele, alikuwa amekwisha. Alikuwa anacheka. Huwezi kupiga kasia ukiwa unacheka. Mikono inakosa mfupa. Kasia lake likazama likagoma kutoka, mashua yao ikapinda, koksi wao akawa anauliza kwa Kiingereza kuna nini, kuna nini, na kimpira chetu kikagusa ubavu wao kwa sauti ndogo ambayo naamini niliisikia peke yangu.

Koksi wao aliinua mkono. Mama aliinua yote miwili, kasia likaelea peke yake.

Timu yangu ilinibeba kunitoa majini. "Ulikuwa unasema nini pale mwisho?" kijana wa Soweto aliuliza. "Hujawahi kuongoza hivyo." Nikamwambia nilikuwa namwambia yule mama kwamba ni jiwe na kwamba amekauka. Aliniweka chini polepole. "Mama mkwe?" alisema, akavua kofia yake, akaishika kifuani.

Nilitazama upande wa wafanyakazi. Mama alikuwa ameshapanda gari la bintiye. Hakunitazama, hakunipungia, aliondoka. Furaha yote ikaniisha mwilini. Jioni nilimweleza mama yangu kwa simu. "Umemwita jiwe?" aliuliza. Nikasema ndiyo. Akasema niwasalimie majirani wa hukohuko Johannesburg, maana Tabora si kwetu tena, akakata.

Jumapili tulikwenda Observatory, mimi na mshenga, kwa miguu kutoka Yeoville kwa sababu alitaka muda wa kupanga maneno. Nyumba yao iko juu kabisa ya mtaa uliosimama wima. Mshenga alipanda akihema, akisimama kila nguzo ya umeme kujifuta shingo, akifanya mazoezi ya hotuba ya kuomba radhi iliyokuwa na utangulizi, kisa na maombi. Kwenye geti alijishika kwenye chuma, akakaa hapo muda mpaka rangi ikamrudi.

Walitukaribisha sebuleni. Baba, mama, binti. Mama alikuwa amevaa kanga mpya na hakuwa na uso wa kusomeka. Mshenga akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Mama," alianza, "mbele ya yote tunaomba musamaha. Huyu mutoto wetu jana..."

"Msamaha wa nini?" mama akamkatiza.

Mshenga akatazama huku na huku. Utangulizi wake ulikuwa umeishia hapo. Akakaa.

"Nimekuja mji huu huyu binti ananyonya," mama alisema. Hakuwa anamwambia mshenga, alikuwa anatazama mikono yake. "Kanisani naitwa mama. Maktaba naitwa mama. Kwa fundi viatu, mama. Wote wana adabu, nawashukuru. Kaka zangu wamekufa nyumbani, mmoja mmoja, sikuwahi kufika hata mara moja. Nimelia hapa, kwenye kiti hiki, watu wananiletea maua wanaongea kwa sauti ya chini. Hakuna mtani hata mmoja wa kuja kunichekesha nilie vizuri. Miaka yote hii hakuna aliyenitukana hata siku moja."

Mchumba wangu alikuwa amevua miwani.

"Nikasikia ameleta Mnyamwezi," mama akaendelea. "Nikasema, Mungu hajanisahau. Kumbe ameniletea shemasi! Miezi tisa, ndiyo mama, ndiyo mama, anaongea na zulia langu. Jana ndiyo nimempata." Akaniangalia. "Na leo mmekuja niseme ndiyo. Nikisema ndiyo anakuwa mkwe. Mkwe hatukani. Sasa mimi nabaki na nani?"

Baba alitazama dirishani. Mshenga, mtu wa maneno, alikuwa amekunja mikono juu ya tumbo kama aliye kanisani. Mimi niliona aibu, na chini ya aibu nilimpenda yule mama kwa namna ambayo sikuitegemea, na nikaona kwamba nikinyamaza wakati ule nitakuwa nimemzika mwenyewe. Nikasimama. Nikamtazama machoni.

"Nyie Waluguru hamponi," nilisema. "Umetolewa milimani Morogoro, umeletwa mji wenye mitaa mizuri ya tambarare, wewe ukatafuta mlima ukaupanda ukajenga huko huko juu. Mzee wa watu huyu nusura afie getini kwako. Ulitaka mahari au ulitaka maiti?"

Mshenga alifumba macho. Mama aliweka kiganja mdomoni, mabega yakaanza kumtikisika, kisha kicheko kikamtoka kikubwa mpaka ikabidi ashike mkono wa kiti, akacheka, akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakaja, akayaacha yatoke. Mumewe aligeuka kutoka dirishani. "Hicho kicheko," alisema polepole, "nilikiacha Morogoro."

Mama akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Ndiyo," alimwambia mshenga. "Mpigie mama yake Tabora, mwambie nimesema ndiyo." Halafu akanigeukia, akamvuta binti yake akae karibu naye asikie vizuri.

"Na wewe," alisema, "rudia."

Nikarudia yote, kuanzia Morogoro.